Kiungo cha kusukuma au kuchomelea PPR? Ulinganisho kwa nyumba za Nakuru na Kisumu

Bomba likipasuka jikoni saa mbili usiku, fundi wa huku kwetu ana njia nne za kuliunga. Kama ni PPR, lile la plastiki ngumu linaloungwa kwa joto, atalichomelea kwa mashine. Kama ni lile jeusi la HDPE, atatumia kiungo cha kukaza kwa nati. Kama ni la chuma, atalifungua na kulifunga upya kwa nyuzi zake, ile mikato ya skrubu kwenye ncha, na tepu. Au atatoa kwenye mkoba kiungo cha kusukuma, kile kinachoingizwa kwenye ncha ya bomba kwa mkono, bila moto, bila gundi, bila spana. Hicho cha mwisho ndicho watu wanakiulizia sana, maana video zake zimejaa kwenye simu: mtu anakata bomba, anasukuma, anafungua maji, na hakuna tone linalodondoka. Wanataka kujua kama kweli kinaaminika.

Kinaaminika kabisa kwenye bomba kilichotengenezewa. Kwenye bomba lingine usikiamini hata siku moja. Na hapo ndipo shida yetu ilipo, kwa sababu nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni kuanzia Lanet na Kiamunyi za Nakuru hadi Mamboleo na Riat za Kisumu zina PPR ndani ya kuta, na viungo vingi vya kusukuma vinavyosifiwa mtandaoni havikutengenezewa PPR. Ukiyaelewa hayo, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

Kilichomo ndani ya kiungo cha kusukuma

Shika kimoja mkononi. Mdomoni kuna kola ya plastiki inayocheza kidogo ukiibonyeza kwa kucha. Nyuma yake kuna pete nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, yenye meno yaliyoinamia ndani. Baada ya meno inakuja pete ya mpira, ile mafundi huita oringi, kisha kingo ya ndani ambapo ncha ya bomba hugota. Bomba likiingia, meno yanaliachia lipite. Likitaka kutoka, yanauma. Ukitaka kulitoa kwa hiari yako, unaibonyeza ile kola nayo inayasukuma meno kando.

Kwa hiyo meno yanashika na mpira unaziba, na hizo ni kazi mbili tofauti. Bomba lililosukumwa nusu linaweza kuumwa na meno barabara huku likiwa halijafika vizuri kwenye oringi. Ukilivuta halitoki, unaridhika, unafunika, unaenda zako. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya viungo hivi kuvuja, na kosa si la kiungo.

Sababu ya pili ni ngozi ya bomba. Oringi inaziba kwa kulikumbatia bomba kwa nje, kwa hiyo ikikuta mkwaruzo, mchanga, saruji kavu au rangi ya ukutani, haiwezi kufanya lolote. Kata bomba kwa msumeno wa chuma, kisha pitisha kidole ukingoni: utahisi vinyuzi vidogo vimesimama. Vinyuzi hivyo vikipita kwenye mpira vinauchana, mchano mdogo usiouona kwa macho, na maji yanaanza kutokea hapo tone kwa tone. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa bomba ni hatari kuliko unaozunguka, kwa sababu unayapa maji njia ya moja kwa moja chini ya mpira.

Kwa hiyo hata kwenye bomba sahihi, kazi hii ya dakika tatu ina taratibu zake. Kata kwa mkasi wa mabomba, moja kwa moja, si mshazari. Lainisha ukingo hadi kidole kiteleze. Futa kwa kitambaa safi. Pima kina ambacho bomba linatakiwa kuingia (kwa saizi ya nusu inchi ni karibu sentimita mbili na nusu) na uweke alama kwa kalamu. Kama ni bomba laini la plastiki, ingiza kwanza kile kibomba kidogo cha ndani kinacholizuia lisibonyee. Sukuma mpaka alama ifike mdomoni, kisha vuta kwa nguvu. Fundi asiyeweka alama anabahatisha, na mimi nisingemkabidhi ukuta wangu.

"Nusu inchi" si moja

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Kiungo cha nusu inchi cha SharkBite, kile cha Marekani, kinapokea bomba lenye upana wa nje wa milimita 15.9. Cha Uingereza, kama vile Speedfit ya John Guest, kinapokea milimita 15 kamili. Bomba la PPR ambalo kwenye hadware tunaliita nusu inchi lina milimita 20 kwa nje. La chuma la nusu inchi lina takriban milimita 21.3. Mabomba manne, jina moja, na hakuna hata mawili yanayolingana.

Ukiletewa viungo vya Marekani na ndugu aliye ng'ambo, PPR lako halitaingia kabisa, na hiyo ni heri kwako. Hatari ni zile saizi zinazokaribiana. Bomba la milimita 15 linaingia kwenye kiungo cha 15.9 bila kukataa, lakini oringi hailibani inavyotakiwa. Linaweza kukaa kavu mchana kutwa na kulowa siku presha ikipanda. Basi usinunue kwa kutaja inchi. Chukua kipande cha bomba lako, au kipimo chake cha nje kwa milimita, uende nacho dukani.

SharkBite yenyewe inataja mabomba yake waziwazi: la shaba, PEX na CPVC (haya mawili ni ya plastiki) ndiyo makuu. PPR halimo, na la chuma lenye nyuzi halimo. La chuma si gumu kulielewa: ngozi yake ina mabaka ya zinki na kutu, na oringi inataka ngozi laini. Nyumbani kwetu PEX utalikuta mara chache, na la shaba zaidi kwenye vifaa vya maji moto. Kwenye hayo, kiungo cha kusukuma cha brasi ni kifaa kizuri sana na ninakitetea bila wasiwasi.

Utakutana pia na viungo vya plastiki vya kusukuma vya milimita 20, 25 na 32, vinavyouzwa kama vya PPR, PE na PVC vyote kwa pamoja. Saizi yake ni sahihi kwa bomba letu, na vinafanya kazi. Mimi navikubali mahali ambapo jicho linafika: kwenye bomba la bustani, chini ya tangi, nyuma ya mashine ya kufulia. Ndani ya ukuta, hapana. Mpira wa kiungo ambacho hakijaandikwa mtengenezaji, presha wala joto lake haustahili kuzikwa chini ya vigae vyako.

Kuchomelea PPR

Mashine ya PPR hupashwa hadi nyuzi 260 za Selsiasi. Ncha ya bomba na soketi, kile kipande kifupi cha kuungia, vinaingizwa kwenye vichwa vyake kwa wakati mmoja: sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, sekunde 7 kwa la 25, sekunde 8 kwa la 32. Vinatolewa na kuunganishwa mara moja, ndani ya sekunde nne kwa saizi ndogo, kwa kusukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Kisha mikono inatulia dakika mbili. Mahali bomba linapokutana na soketi unaona mapete mawili madogo ya plastiki iliyofurika, yamezunguka sawasawa. Ukikuta pete upande mmoja tu, fundi aliingiza kimshazari.

Uzuri wake ni huu: baada ya kupoa, hapo si kiungo tena. Plastiki ya bomba na ya soketi zimekuwa kitu kimoja. Hakuna mpira wa kuzeeka, hakuna meno, hakuna nati ya kulegea. Na soketi yenyewe ya milimita 20 haifiki bei ya soda, wakati kiungo cha kusukuma cha brasi kinagharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa kudumu ndani ya ukuta, sioni cha kushindana nayo.

Lakini kwenye marekebisho, tofauti na nyumba mpya, kuna mambo matatu yanayoisumbua. La kwanza ni stima. Ikipotea, mashine ni chuma baridi, na bomba haliulizi kama kuna umeme kabla ya kupasuka. La pili ni maji. Ncha ikiwa na unyevu, mvuke unaingia kati ya plastiki na plastiki, na kiungo kinaonekana kizuri kwa nje huku ndani hakijashikana. Lazima vali kuu ifungwe, mfereji wa chini kabisa ufunguliwe maji yaishe, na ncha zifutwe hadi zikauke. Vali kuu ikiwa mbovu na inapitisha kidogo, hapo ndipo subira ya fundi inapopimwa.

La tatu ndilo zito. Ili uchomelee soketi kati ya ncha mbili, lazima uweze kuzitenganisha, uingize kichwa cha mashine, kisha uzirudishe pamoja. Bomba lililoshikwa na saruji halisogei. Kwa hiyo tundu la sentimita moja linaweza kudai ukuta uvunjwe mbali zaidi, mpaka bomba lipate nafasi ya kupinda. Kiungo cha kusukuma cha aina ya kuteleza hakina shida hiyo: unakiingiza chote upande mmoja, unapanga ncha, kisha unakirudisha kikae katikati. Hapo ndipo mwenye nyumba anaposema:

"Fundi, si uniwekee tu ile ya kusukuma, tusivunje vigae?"

"Mama, tukivunja viwili leo nimemaliza. Nikikuwekea ile hapa ndani, sijui utaniita lini, lakini utaniita."

Namuunga mkono fundi huyo, kwa sharti moja: atafute kwanza njia ya kuvunja kidogo. Kama bomba lilitobolewa tu na drili mtu akitundika televisheni au pazia, na upande wa pili wa bomba uko salama, kuna kijiti cha PPR cha kuzibia. Kichwa maalum cha mashine kinapasha tundu na kijiti pamoja, kijiti kinaingizwa, kikipoa kinakatwa usawa wa bomba. Si kila fundi anacho kichwa hicho, kwa hiyo uliza kabla hajainua nyundo. Njia nyingine ni kuchomelea ncha mbili zenye nyuzi za brasi na kuzikutanisha kwa yunioni, kiungo cha nati kinachofunguka, lakini yunioni nayo ina mpira, kwa hiyo iachiwe kijimlango cha kuifikia.

Nje ya nyumba

Kati ya mita na tangi, na kutoka tangi kwenda shambani, bomba la kawaida ni HDPE, lile jeusi lenye mstari wa buluu. Hili lina kiungo chake cha kukaza: nati kubwa ya plastiki, pete ya kushika iliyopasuliwa, na oringi. Ukikitazama vizuri ni ndugu wa kiungo cha kusukuma, kwa kuwa nacho kina meno na mpira. Kinachokitofautisha ni nati. Meno yanabanwa na mkono wako, si na nguvu ya bomba lenyewe kutaka kutoka, na kikianza kulowa unaweza kukikaza tena bila kukata kitu.

Kwa Kisumu hilo lina uzito wake. Ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikija, unavuta na kusukuma kila kitu kilichozikwa ndani yake. Bomba gumu la chuma linavunjika kwenye nyuzi. HDPE linapinda na kuvumilia. Kiungo cha kusukuma kinachopokea bomba lililopinda kinabanwa upande mmoja na kulegea mwingine, na oringi haivumilii hilo kwa muda mrefu. Chini ya udongo wa namna hiyo chagua HDPE na kiungo cha kukaza, na uache bomba lilale kwa kujipinda kidogo badala ya kulinyoosha likakaza.

Kumbuka pia kwamba upande wa kabla ya mita ni wa kampuni ya maji, NAWASSCO kwa Nakuru au KIWASCO kwa Kisumu. Hapo piga simu, usiguse.

La chuma

Kwenye nyumba za zamani bado kuna mabomba ya chuma. Ugonjwa wake huanzia kwenye nyuzi, kwa sababu pale zilipokatwa ndipo chuma chembamba zaidi na zinki imeondolewa. Ukikaza elbo (kiungo cha kona) moja iliyozeeka, ile inayofuata inapasuka, na siku nzima inaisha ukifukuza maji ukutani. Kiungo cha kusukuma hakikusaidii hapa. Nisingependa uendelee kulipia vipande. Tafuta mahali pa mwisho ambapo nyuzi bado nzima, funga hapo soketi ya PPR yenye nyuzi za brasi, na kuanzia hapo endelea na PPR. Mwaka huu jikoni, mwaka ujao bafu.

Presha na joto

Watu wanaogopa presha kuliko inavyostahili. Kila mita 10 za kimo cha maji zinaleta takriban bari moja, kwa hiyo tangi lililo mita 5 juu ya mfereji wa jikoni linaleta nusu bari tu. SharkBite inatajwa na mtengenezaji wake kuhimili psi 200, karibu bari 14, na joto la nyuzi 93. Bomba la PPR la PN20 limepimwa kwa bari 20 maji yakiwa ya nyuzi 20. Kwa hesabu hizo vyote viwili vina nguvu ya kutosha na kubaki.

Kinachoumiza ni mtikisiko. Siku ya mgao maji hukatika, mabomba yanajaa hewa, kisha usiku maji ya laini yanarudi kwa kishindo na kuyarusha mabomba ambayo hayakufungwa klipu. Kila mrusho unasugua oringi kidogo, na maji ya kwanza huja na mchanga. Ukitumia kiungo cha kusukuma, bana bomba kwa klipu pande zote mbili karibu na kiungo. Klipu mbili za shilingi chache zinakiongezea maisha kuliko jina lililoandikwa juu yake.

Joto nalo lina neno. Maji ya hita ya sola siku ya jua kali yanaweza kuwa moto sana, na plastiki hupoteza nguvu kadiri joto linavyopanda. Kwenye laini ya maji moto tumia PPR la PN20 au PN25 lililochomelewa, na ukihitaji kiungo cha kusukuma pale kwenye mdomo wa shaba wa hita, kiwe cha brasi chenye kiwango cha joto kilichoandikwa. Juu ya paa, chochote cha plastiki kifunikwe kisipigwe na jua. Jua la Kisumu linaligeuza PPR lililoachwa wazi kuwa kitu cha kuvunjika kwa mkono.

Kama ni wewe unayechagua

Bomba la PPR ndani ya ukuta au chini ya sakafu: chomelea, hata kama ni kusubiri stima irudi. Chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye kabati la tangi, ambapo unafungua mlango na kuona: kiungo cha kusukuma cha saizi sahihi kinatosha, na kwa mpangaji kina faida ya kufunguliwa siku ya kuhama. Lakini usikirudishie kazi nyingine kabla ya kuitazama oringi yake, kwa sababu meno huacha alama kwenye bomba, na mpira ukipita tena juu ya alama hiyo unaumia. Kata kwanza kile kipande kilichoumwa.

Kwa ploti zenye wapangaji wengi kwenye laini moja, kama zile za Kaptembwa kule Nakuru au Manyatta kule Kisumu, ningekuwa mkali zaidi. Pale, tone la kiungo kimoja kilichofichwa linakwenda kwenye bili ya watu ambao hawakukiona wala hawakukichagua, na siku za mgao wao ndio wanaonunua maji kwa mtungi. Kiungo chochote chenye mpira kwenye ploti kiwekwe mahali keateka anaweza kukifikia bila nyundo.

Na kama ni usiku, duka limefungwa na hakuna mashine, mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe na kuzungushwa kwa kuvutwa sana juu ya ufa utakupa usiku mmoja, hasa kwa presha ya tangi peke yake. Funga vali ya laini ya nje, kwa sababu ikirudi kwa kishindo mpira huo hautahimili. Kiungo cha plastiki cha milimita 20 kilichowekwa akiba kwenye droo kitakupa zaidi ya hapo: kata sehemu mbovu, sukuma, fungua maji polepole, tandika gazeti kavu chini yake na ulitazame baada ya saa moja. Likiwa kavu, lala. Ukuta uache wazi mpaka fundi aje na mashine.